Nano ni kitu gani? Tujue kabla koperative haijatoa franka zake



Neno "nano" limeanza kuandikwa juu ya vitu vingi: chupa za mbolea, dawa za kunyunyiza, machujio ya maji. Maandishi mengine yako katika Kifaransa au Kiingereza, na mtu anayesoma neno asilolijua anaweza kudhani ni lazima kitu kiwe kizuri, au kiwe sumu. Yote mawili si lazima. Katika toleo hili tunaeleza nano ni nini, inafanya kazi namna gani, ipi inaweza kutufaa sisi wa teritware ya Yahuma, ipi tuiache kwanza, na ipi tuko nayo tayari nyuma ya mashini ya kukoboa mpunga.

Ni udogo, lakini njo unaleta uso mkubwa

Munajua milimita, ile mistari midogo ya rula ya watoto wa shule. Kata milimita moja vipande milioni moja. Kila kipande kitakuwa nanomita moja. Unywele mmoja wa kichwa una unene wa nanomita 80,000 hivi. Mikrobu wa kolera ana urefu wa nanomita 1,000 mpaka 3,000. Virusi wengi wako kati ya nanomita 20 na 300. Wataalamu wanasema kitu ni "nano" kama angalau upande wake mmoja uko kati ya nanomita 1 na 100. Kwa macho hakionekani, na hata darubini ya kituo cha afya haikioni.

Sasa udogo huo una faida gani? Jibu liko kwenye muhogo. Muhogo mzima ukiuanika unaweza kuoza kabla haujakauka. Ukiukata vipande vidogo, jua likiwa zuri unakauka kwa siku chache. Muhogo ni ule ule, uzito ni ule ule. Kilichoongezeka ni uso, yaani ile sehemu ya nje inayogusana na jua na upepo. Kazi nyingi za kemia zinafanyika kwenye uso, si ndani.

Tufanye hesabu. Chukua kipande cha mraba, sentimita moja kila upande, kama kete ya mchezo. Nyuso zake sita pamoja zinafika sentimita za mraba 6. Kikate kuwa vipande vya milimita moja moja, nyuso zote zinafika sentimita za mraba 60. Kikate mpaka nanomita moja moja, nyuso zote pamoja zinafika mita za mraba 6,000. Hiyo ni zaidi ya nusu hekta, kutoka kwenye kete moja. Kama uso huo unaweza kushika uchafu, au kuua mikrobu, kete moja inafanya kazi ya shamba zima.

Njia nyingine ya kupata uso mkubwa ni kutoboa matundu. Makala ya kawaida yako hivyo: ni kaboni yenye matundu mengi mno. Yakipikwa tena kiwandani kwa mvuke mkali, gramu moja, kiasi cha ncha ya kijiko, inaweza kuwa na uso wa mita za mraba 1,000. Njo maana makala yanaondoa harufu na rangi ya maji.

Watafiti wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2025 tuzo ya Nobel ya kemia walipewa watu watatu, Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi, kwa kutengeneza vifaa ambavyo ndani ni kama mifupa ya nyumba ya miti kabla ya kupiga udongo: madini yanakaa kwenye pembe, na minyororo ya kaboni inaunganisha pembe hizo kama fito. Katikati kunabaki vyumba vitupu, na gramu chache tu za kifaa kama hicho zinaweza kuwa na uso wa kiwanja cha mpira. Vyumba vinaweza kupimwa ili vishike kitu kimoja tu, sema maji yaliyo katika hewa, au gesi yenye sumu. Yaghi alizaliwa Amman, Yordani, katika familia ya wakimbizi Wapalestina. Kifaa chake kimeweza kuvuta maji ya kunywa kutoka kwenye hewa ya jangwa. Sisi huku hewa imejaa maji mpaka nguo hazikauki, kwa hiyo hilo si shida yetu. Lakini wazo lenyewe, chumba kinachopimwa kulingana na kile unachotaka kukamata, likumbukeni, tutalirudia sasa hivi.

Chujio la Arusha, na kwa nini haliwezi kuletwa hapa hivi hivi

Mfano ulio karibu nasi unatoka Tanzania. Dokta Askwar Hilonga alikulia kijiji cha Gongali, wilaya ya Karatu, kaskazini mwa nchi hiyo. Alisoma uhandisi wa kemia mpaka udaktari huko Korea ya Kusini, halafu akarudi kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, Arusha. Alitengeneza chujio lenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni mchanga, ambao unashika tope na mikrobu wengi, jambo linalojulikana tangu zamani. Sehemu ya pili ni vifaa vya nano, ambavyo vinashika yale ambayo mchanga unayaacha yapite, yaliyoyeyuka ndani ya maji. Mwaka 2015 Royal Academy of Engineering ya Uingereza ilimpa tuzo yake ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi, ndiyo mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa, pamoja na pauni 25,000.

Kinachotuhusu zaidi kuliko tuzo ni namna alivyofikiri. Hakutengeneza chujio la "maji yote." Alianza na maji ya kwao. Upande wa Arusha, maji yanapita katika mawe ya volkeno na yanabeba floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Ikizidi sana kwa miaka mingi, meno ya watoto yanakuwa na madoa ya kahawia, na mifupa inaweza kupinda. Kuchemsha hakuondoi floridi hata kidogo, kinyume chake: maji yakipungua kwa mvuke, floridi inabaki pale pale, ikiwa nyingi zaidi katika kile kilichobaki. Kwa hiyo ilibidi kifaa cha kuikamata. Na pale ambapo maji yana shida nyingine, vifaa vya ndani ya chujio vinabadilishwa kulingana na shida hiyo.

Sasa tuangalie maji yetu. Sisi tunakaa ndani ya msitu. Vijito vyetu vingi ni vyeusi kama chai, kwa sababu maji yanapita katika majani yanayooza. Tabu yetu kubwa si floridi ya volkeno. Tabu yetu ni mikrobu wanaotoka kwenye vyoo na kwenye mito, pamoja na ule uchafu wa majani. Kolera inajua njia ya mto Kongo. Mwaka 2025 jimbo letu la Tshopo lilipata mlipuko wake. Na msimu wa kuvuna, siku tano za kuhara za mama mmoja ni siku tano za shamba zilizopotea.

Chujio lililopimwa kwa ajili ya floridi, likiletwa Yahuma, litakuwa linatafuta mwizi ambaye hayuko. Tena rangi ile ya majani ingeweza kuziba uso wake upesi, maana uso haujui kuchagua vizuri, ukijaa, umejaa. Hii njo inafaa ieleweke na kila mwanachama: hakuna kifaa cha kushika uchafu kisichojaa. Muuzaji anayesema chujio lake "halichoki" hajui anachouza, au anajua sana.

Mambo hayo yanahusu pia dawa ya maji, klori. Katika maji meusi, klori inapoteza nguvu yake kwa kupigana na uchafu wa majani kabla haijafika kwa mikrobu. Kwa hiyo kwanza chuja, maji yapungue rangi, kisha tia klori kama muganga wa kituo cha afya anavyoelekeza. Na kuchemsha mpaka maji yatokote vizuri bado kunaua mikrobu wa kolera kuliko maneno yote yaliyoandikwa kwenye katoni. Kuni zinachosha, tunajua.

Chungu chenye fedha

Kuna chujio jingine ambalo kwa maoni yetu linafaa vijiji vyetu zaidi, nalo limetoka kwa wafinyanzi. Lilibuniwa Guatemala, Amerika ya Kati, mwaka 1981, na Fernando Mazariegos. Leo vyungu vya namna hii vinatengenezwa katika nchi nyingi, pamoja na za Afrika Mashariki.

Kazi yake ni hivi. Udongo wa mfinyanzi uliokauka unapondwa na kuchekechwa, halafu unachanganywa na unga wa mbao au maganda ya mpunga yaliyosagwa. Unafinyangwa kama ndoo, unachomwa katika tanuri. Maganda yanaungua yote, na mahali yalipokuwa panabaki matundu madogo. Mwishoni chungu kinapakwa maji yenye chembe za nano za fedha, madini yale yale ya pete na hereni. Fedha inatoa nguvu yake kidogo kidogo kutoka kwenye uso wake na kuua mikrobu wanaopita, na kuzuia utelezi usiote ndani ya chungu. Kwa sababu chembe ni ndogo mno na uso ni mkubwa mno, fedha kidogo sana inatosha.

Kasoro zake tuziseme. Maji yanapita polepole, lita moja mpaka tatu kwa saa, kwa hiyo ni la nyumba moja, si la soko. Chungu kikipata ufa hata mdogo kama unywele, ni cha kupandia mche wa ndimu. Virusi ni wadogo, wengi wanaweza kupita. Na hata chungu kikiwa kizima, maji safi yakiingia katika bidoni chafu yamekuwa machafu tena. Hapo hakuna nano inayosaidia.

Kuna wamama wanaofinyanga ambao watasema: udongo tuko nao, maganda tuko nayo, tuanze. Kufinyanga si tatizo. Tatizo ni moto. Chujio linahitaji tanuri inayofika digrii 800 na zaidi kwa usawa, na kila chungu inafaa kipimwe mwendo wa maji kabla ya kutoka. Moto wa nje wa kuni unachoma upande mmoja zaidi ya mwingine. Kikundi kinachotaka kujaribu kianze na mafunzo ya tanuri, si na kununua fedha.

Lundo lililo nyuma ya mashini

Sasa tuje kwenye mali tunayoitupa. Kilo 100 za mpunga zinatoa kilo 20 hivi za maganda. Ukiyachoma yote mpaka majivu, unabaki na kilo 4 hivi, na sehemu kubwa ya majivu hayo ni silika, kitu kile kile cha mchanga na cha kioo. Mpunga unaivuta silika kutoka udongoni, ikiwa imeyeyuka, na kuipanga katika majani na maganda kwa chembe ndogo mno. Jani la mpunga linapokukata mkono, ni silika hiyo. Inakaza mmea usilale na inausaidia kupigana na ugonjwa wa madoa ya majani.

Katika maabara nyingi duniani watu wanatafuta njia ya kugeuza majivu ya maganda kuwa silika safi ya nano, kwa machujio, kwa saruji, kwa matairi. Inafanyika kwa asidi na kwa moto uliopimwa vizuri. Sisi hatutafanya hivyo Yahuma mwaka huu wala mwaka ujao. Lakini kuna jambo tunaloweza kufanya na lundo lile: kuyachoma maganda kwa hewa kidogo, yawe meusi kama makala, yasifike majivu meupe.

Kwa nini meusi? Udongo wetu ni mwekundu au wa manjano. Rangi hiyo ni kutu ya chuma, katika chembe ambazo zenyewe ni nano, asili imezitengeneza bila kiwanda. Zinashika fosfati kwa nguvu mpaka mmea haupati. Tena udongo huu una asidi, na mvua yetu inaosha azoti na potasi upesi. Mwaka wa kwanza baada ya kufyeka na kuchoma, majivu yanasaidia. Mwaka wa tatu munajua wenyewe. Makala ya maganda yana uso na matundu yanayoweza kushika chakula cha mimea kisiondoke na mvua, na yanapunguza asidi kidogo. Wenyeji wa zamani wa Amazoni, msitu unaofanana na wetu, walitia makala na takataka za jikoni katika udongo wao, na mpaka leo sehemu hizo ni nyeusi na zinazaa kuliko za jirani.

Lakini makala matupu hayana chakula. Ukiyazika makavu yanaweza hata kushika azoti kidogo iliyopo, na mimea ikageuka manjano. Yalisheni kwanza: changanya na samadi ya mbuzi, mboji, au mkojo uliozimuliwa na maji, yakae wiki mbili tatu chini ya kivuli. Msijaribu kufunika hekta nzima, mutachoka bure. Tia katika shimo la mche wa kakao au wa mgomba, au katika kitalu cha mboga.

Na tahadhari moja ambayo haina mchezo. Vumbi la silika linaharibu mapafu, na maganda yaliyochomwa kwa moto mkali mpaka meupe yana silika mbaya zaidi. Yanyunyizie maji kabla ya kuyashika, funga kitambaa puani, na watoto wasichezee lundo hilo. Kitu kidogo kinachofaa udongo kinaweza kuingia mahali ambapo hakitakiwi. Ndivyo ilivyo pia kwa unga wowote utakaouzwa kwa jina la nano: haufunguliwi ndani ya nyumba, hautiwi katika maji ya kunywa.

Chupa inayodai kushinda gunia

Tumeacha mwisho jambo linalogusa sanduku la koperative moja kwa moja. Mwaka 2021, huko India, IFFCO ilitoa urea ya nano katika chupa ya nusu lita. IFFCO yenyewe ni ya wakulima, inamilikiwa na maelfu ya vyama vya ushirika. Ilisema chupa moja inaweza kuchukua nafasi ya gunia la urea la kilo 45, kwa sababu chembe ndogo zinaingia kwenye jani moja kwa moja na hazipotei.

Kwa nchi kama yetu, ahadi hiyo ni tamu sana. Gunia la angre kufika Yahuma linapita mtoni, halafu barabara munayoijua, kwa pikipiki. Chupa inaingia mfukoni. Haya, tushike kalamu.

Gunia la kilo 45 la urea lina azoti asilimia 46, yaani kilo 20 na zaidi. Chupa ya mililita 500 iliyotolewa ilikuwa na azoti asilimia 4, yaani gramu 20. Gramu, si kilo. Gunia lina azoti mara elfu moja zaidi ya chupa. Tuseme mvua inakuibia nusu ya gunia. Bado unabaki na kilo 10. Na tani moja ya mpunga inaondoka shambani na kilo 10 hivi za azoti ndani ya punje zake, bila kuhesabu majani. Gramu 20 haziwezi kugeuka kilo 10, hata zikatwe ndogo namna gani. Udogo unaongeza uso, hauongezi uzito. Kwa kuua mikrobu uso unatosha, kwa sababu fedha hailiwi na mikrobu. Kwa kulisha mmea, mmea unakula kilo.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Punjab, huko huko India, waliijaribu shambani. Walipopunguza urea ya kawaida na kuweka ile ya chupa, mavuno ya ngano na ya mpunga yalishuka. Watafiti wa Denmark nao waliandika kwamba madai hayana msingi wa kutosha. IFFCO inaendelea kuitetea na kuiuza, na imebadilisha viwango vya azoti tangu hapo. Sisi hatusemi kila mbolea ya majani ni bure. Zinki au boroni, ambazo mmea unazihitaji kwa gramu, zinaweza kunyunyizwa kwenye majani na kusaidia. Tunasema: soma asilimia, zidisha kwa uzito, linganisha na kile mavuno yanachobeba. Hesabu hiyo inaweza kufanywa na mtoto wa shule ya msingi juu ya mkutano wa koperative.

Na kama bado muna hamu ya kuona kwa macho, basi kabla ya kununua nyingi, pimeni mistari mitatu katika shamba moja, udongo ule ule, mbegu ile ile, siku moja ya kupanda. Mstari wa kwanza haupati kitu. Wa pili unapata kile munachotumia kila siku, samadi au makala yaliyolishwa. Wa tatu unapata chupa. Siku ya kuvuna, kila mstari unapimwa kwa mzani wa koperative mbele ya wanachama, na kilo zinaandikwa katika daftari pamoja na bei ya kila kitu. Chupa moja inatosha kwa kazi hiyo. Muuzaji akikataa kuuza chupa moja, au akidai mununue katoni nzima leo leo kabla pikipiki haijaondoka, mwacheni aendelee na safari yake.